Ziara binafsi kwenye mizabibu ya Ufaransa: mlipe mwongozaji Bourgogne, kwingine panda treni

Mkuu mleta mada, umesema una shamba la zabibu Hombolo, mwakani unakwenda Ufaransa na mama watoto kwa siku kumi mwezi Septemba, na kuna kampuni umeiona mtandaoni inataka pesa ndefu ili iwazungushe Champagne, Bourgogne, Bordeaux na bonde la Rhône kwa gari lenu peke yenu. Unauliza kama inafaa, au bora ukodi gari ujiendeshe. Ukaongeza kwamba mama hagusi pombe kabisa.

Mimi niko Ufaransa muda mrefu. Nilikuja Dijon kusoma nikabaki, na ndugu na marafiki wakija kutoka nyumbani ndiye ninayewapangia safari hizi, mara nyingi naingia nao garini. Nakujibu kwa niliyoyaona.

Usinunue hiyo ziara ya mikoa minne. Kutoka Reims kule Champagne hadi Bordeaux ni zaidi ya kilomita 700 kwa barabara, kwa hiyo utakuwa umelipia kukaa kwenye kiti cha nyuma ukitazama barabara kuu. Chukua Bourgogne, mlipe mwongozaji mzuri siku mbili hapo, na mkoa mwingine ukiutaka nenda mwenyewe kwa treni. Hasa wewe mkulima.

Kwa nini Bourgogne? Sehemu yenye sifa kubwa, Côte d'Or, ni ukanda mwembamba wa miteremko, kama kilomita 60 tu kutoka Dijon kupitia Beaune hadi Santenay. Zamani sehemu kubwa ya ardhi nzuri ilikuwa ya Kanisa. Watawa wa Cîteaux, abasia iliyoanzishwa mwaka 1098, ndio waliolima na kujenga ukuta wa mawe kuzunguka shamba la Clos de Vougeot. Mapinduzi ya Ufaransa yakataifisha ardhi hiyo ikauzwa, kisha sheria ya mirathi ya Napoleon ikataka watoto wote wagawane sawa. Baba akifa shamba linakatwa, mjukuu naye analikata tena. Leo Clos de Vougeot ina hekta kama 50 na wamiliki karibu 80. Mwingine ana mistari michache tu pale, mingine michache kijiji cha pili, na mvinyo anautengeneza chini ya nyumba yake mwenyewe. Hana mapokezi, wala hana mtu wa kupokea simu. Chupa zake zina wenyewe kabla hazijafungwa. Ukigonga mlango bila miadi, atakayekujibu ni mbwa.

Huyo ndiye mtu unayetaka kumwona, na mlango wake unafunguka kwa mtu anayemjua. Hicho ndicho unacholipia unapomlipa mwongozaji wa Bourgogne. Aliyewahi kwenda Serengeti ananielewa: magari yanafanana, ila chui utaonyeshwa na dereva anayeijua miti.

Mwongozaji mzuri huwa haanzi na chupa. Anakupeleka kwanza shambani, mnasimama juu ya mteremko, mfano pale Vosne-Romanée, anakuonyesha kwa kidole. Kule chini ng'ambo ya barabara ya D974, ardhi ni tambarare, nzito, inashika maji, na mvinyo wake unauzwa kwa jina la mkoa tu. Ukipanda kidogo unaingia kwenye ardhi inayobeba jina la kijiji. Panda tena, premier cru, yaani daraja la pili kutoka juu. Katikati ya mteremko, penye mawe ya chokaa, maji yanayopita vizuri na jua la asubuhi, ndipo ilipo grand cru, daraja la juu kabisa. Juu zaidi, karibu na msitu, udongo ni mwembamba na baridi, daraja linashuka tena. Yote hayo unayatembea kwa miguu kwa dakika chache. Kila kipande kina jina na mipaka yake, wenyewe wanaviita climats, na mwaka 2015 UNESCO iliviingiza kwenye Urithi wa Dunia. Utauona pia msalaba wa mawe wa Romanée-Conti, shamba la hekta 1.8 ambalo chupa zake ni kati ya zinazouzwa ghali kuliko zote duniani. Kuna kibao kinaomba wageni wabaki barabarani, wasikanyage shambani. Kiheshimu. Hata hapo ukingoni tu, kwa mkulima wa zabibu, ni mahali pa kusimama kwa utulivu.

Na mwambie mwongozaji mapema, kwa maandishi, kwamba wewe unalima. Nililiona hili nilipokwenda na mgeni mmoja anayelima huko kwetu. Tulipoingia kwa mwenye pishi, yaani chumba cha chini cha kutunzia mvinyo, alianza na maelezo yale anayompa kila mtu. Mgeni wangu akamuuliza anapogoa anaacha macho mangapi, yaani vichipukizi, kwenye tawi. Yule mzee akaweka glasi chini, akatutoa nje hadi kwenye mizabibu, na muda wa kuonja ukaisha tukiwa tumeinama kwenye mashina. Alitaka kujua inakuwaje Dodoma mnavuna mara mbili kwa mwaka, maana kwake mzabibu unalala majira yote ya baridi, na Aprili anakesha akiogopa barafu isiunguze machipukizi. Aprili 2021 barafu iliwatia hasara kubwa, wengine waliwasha mishumaa mikubwa katikati ya mistari usiku kucha.

Wewe utaona mambo mengi ya kuuliza. Mizabibu imebanana, karibu mashina 10,000 kwa hekta, mifupi, mistari myembamba hadi trekta imetengenezwa kuwa ndefu ipite juu yake. Wengine wamerudi kulima kwa farasi ili udongo usishindiliwe. Hawamwagilii kama sisi. Na karibu kila shina limeunganishwa juu ya mizizi ya asili ya Kimarekani, kwa sababu ya mdudu filoksera aliyemaliza mashamba yao nusu ya pili ya karne ya 19. Uliza juu ya huo uunganishaji, utarudi na maarifa ya shambani kwako.

Kwenye kuonja, tegemea kupewa nyekundu kwanza halafu nyeupe. Ni desturi ya wengi Bourgogne na ina maana yake, kwani Chardonnay yao, ile nyeupe, ina uzito kuliko Pinot Noir, ile nyekundu, changa inayotolewa kwenye pipa. Utapewa ndoo ya kutemea, itumie bila haya, wenye mashamba wenyewe wanatema. Pishi mbili kwa siku zinatosha, tatu ni mwisho. Kampuni ikikuahidi tano au sita, jua utaoneshwa kaunta. Na kwa mkulima mdogo aliyekupa saa nzima ya siku yake, nunua walau chupa moja au mbili. Sio lazima kisheria, ni adabu.

Kujiendesha je? Kikomo cha pombe Ufaransa ni gramu 0.5 kwa lita ya damu, na 0.2 kwa mwenye leseni changa. Askari wanapima barabarani. Mama hanywi, kwa hiyo angeweza kushika usukani, lakini hiyo ingekuwa likizo yako, yake ingekuwa kazi ya udereva. Simshauri mtu.

Tena usimfanye mama kuwa msindikizaji. Uzuri wa ziara binafsi ni kwamba siku inapangwa kwa ajili yenu wawili. Beaune kuna Hôtel-Dieu, hospitali ya maskini iliyoanzishwa mwaka 1443 na Nicolas Rolin na mkewe Guigone de Salins, paa la vigae vya rangi, wodi ndefu ya vitanda, na ndani kuna mchoro mkubwa wa Hukumu ya Mwisho wa Rogier van der Weyden. Iliendelea kulaza wagonjwa hadi miaka ya 1970. Hospitali hiyo ilirithishwa mashamba ya mizabibu na waumini kwa karne nyingi, na tangu 1859 mvinyo wake unauzwa kwa mnada mwezi Novemba. Hapo hapo Beaune kuna kinu cha haradali cha Fallot kinachopokea wageni. Cîteaux nako watawa bado wapo, wanatengeneza jibini. Mwambie mwongozaji haya yote yaingie kwenye ratiba, na ada za kuonja zihesabiwe za mtu mmoja.

Bei: nilizokutana nazo kwa siku nzima, gari lenu wawili, mara nyingi ni kati ya euro 500 na 1,000, na ada za kuonja na chakula huwa juu yako usipouliza. Basi dogo la watu wanane ni nafuu sana, ila hapo unafuata mlango uliozoea makundi.

Kabla ya kutuma arubuni muulize majina ya wakulima anaotarajia kukupeleka, hata kama hajathibitisha. Anayekwepa swali hilo hana wakulima. Muulize kibali chake cha kubeba abiria kwa malipo na bima. Kama anakuuzia kifurushi chenye hoteli ndani, lazima awe kwenye rejista ya wauza safari inayotunzwa na Atout France, wakala wa utalii wa Ufaransa, na rejista hiyo iko wazi mtandaoni. Na muulize waziwazi kama anapata kamisheni kwenye chupa utakazonunua. Kampuni moja iliwachukua wageni wangu kwa bei ya "binafsi", nusu ya siku ikaishia kwenye duka kubwa la barabarani, muuzaji anawasukumia makasha huku dereva anasubiri pembeni. Iliniuma sana, maana watu wale walijinyima kufika.

Mikoa mingine kwa ufupi. Champagne huhitaji mtu: treni ya kasi, TGV, kutoka Paris hadi Reims ni kama dakika 45, nyumba kubwa zinauza tiketi zenyewe, na mahandaki yaliyochimbwa kwenye chaki, baadhi tangu enzi za Warumi, unaongozwa na wenyeji wake. Beba sweta, chini mule ni baridi hata kiangazi. Mwongozaji ana maana huko ukitaka wakulima wadogo wa vijijini, wale wenye herufi RM kwenye lebo. Alsace nayo nenda mwenyewe. Vijiji kama Eguisheim na Riquewihr familia zimefungua vyumba vya kuonja mtaani.

Bordeaux ni habari tofauti. Mashamba ni makubwa, yana majumba, na yale yaliyopangwa madaraja mwaka 1855 kwa amri ya Napoleon III yanapokea kwa miadi, mengine kwa shida. Médoc, eneo moja la Bordeaux, ni ndefu na bila gari utahangaika, kwa hiyo siku moja ya mwongozaji inalipa kama una hamu na majina hayo. Saint-Émilion, mji mwingine wa mvinyo huko huko, treni inafika. Ila mkulima wa ekari chache atajifunza zaidi kwa mzee wa Bourgogne kuliko kwenye ukumbi wa marumaru. Huo ni msimamo wangu. Rhône iache safari hii.

Sasa kuhusu Septemba. Huo ndio mwezi wa mavuno, na miaka hii joto limewafanya wengine waanze hata mwisho wa Agosti. Wakulima wadogo hawapokei mtu, wako shambani kuanzia alfajiri. Utaona vikapu na wavunaji kutoka barabarani, ni picha nzuri, lakini pishi zitafungwa. Kama tiketi hujakata, sogeza hadi nusu ya pili ya Oktoba. Mvinyo mpya uko kwenye mapipa, mwenye nyumba amepumua, na ana hamu ya kuzungumza. Epuka Jumapili, na kumbuka saa sita hadi saa nane mchana kila mtu anakula, hata ukiwa na miadi.

Kurudi nyumbani, forodha za Jumuiya ya Afrika Mashariki zinaruhusu msafiri lita 2 za mvinyo bila ushuru. Hiyo ni chupa mbili na nafasi kidogo. Zifunge ndani ya nguo kwenye begi la kukabidhi, sio la mkononi.

Fanya hivi wiki hii: waandikie waongozaji wawili au watatu wenye makao Beaune au Dijon, sio Paris. Waeleze una mizabibu Dodoma, unataka kuzungumza upogoaji na udongo na mtu anayelima mwenyewe, pishi mbili kwa siku, mke hanywi. Majibu yakija yabandike hapa, ukificha majina yao, nitakusaidia kuyasoma.