Landrova ya marehemu baba inamwaga oili: nishushe injini?

SWALI: Shikamoo fundi. Marehemu baba ameniachia Land Rover 109, Series III ya mwaka 1978, ya petroli. Kila asubuhi nakuta doa la oili chini yake, upana wa sahani, na kila wiki naongeza karibu lita moja. Fundi wangu anasema sili ya nyuma ya krenki (mpira unaozuia oili pale mhimili wa injini unapotokea nyuma) imekufa, injini lazima ishushwe. Anataka 900,000 za kazi tu, spea ninunue mwenyewe. Shemeji anasema nikaiuze kwa wa vyuma chakavu. Nifanyeje?
Msomaji, Iringa

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba. Shemeji mwambie asubiri kwanza.

Fundi wako huenda yuko sahihi. Sili hiyo ni ugonjwa wa siku nyingi wa injini hizi za 2,286 cc. Ila hujaniambia kama amelala chini ya gari akatazama, au ameliona doa tu akataja bei.

Lala wewe. Kati ya injini na gia boksi kuna nyumba ya klachi, na chini yake tundu dogo. Tundu hilo liko wazi makusudi. Kizibo chake hufungwa pale tu gari linapovuka maji ya kina. Oili ya injini ikivuja kwa nyuma hutokea hapo, na ya gia boksi ikivuja kwa mbele hutokea hapo hapo. Chovya kidole, unuse. Ya gia ina harufu kali ya kiberiti, huwezi kuikosea. Kwa kuwa unaongeza ya injini, nadhani ndiyo inayodondoka, lakini nusa tu, maana nimeshaona zote mbili zikishirikiana tundu moja.

Kisha chukua dizeli na brashi, osha injini yote mpaka uone chuma, ikauke. Paka poda ya mtoto kuanzia kava la tepeti (kifuniko cha juu ya injini) hadi kwenye sampu (beseni la oili chini yake). Endesha kilomita kumi, fungua boneti, umulike kwa tochi. Oili huanzia juu, upepo huisukuma nyuma, nayo huteremka mpaka ikapata pa kudondokea. Kava la tepeti lina gasketi ya koki (gamba laini kama la vizibo vya chupa), na koki ya miaka mingi hukauka ikawa kama biskuti. Hiyo unabadili mwenyewe kabla chai haijapoa.

Sasa nikwambie la aibu yangu. Zamani, nikiwa fundi kijana Moshi, nilishusha injini ya 109 ya mzee mmoja nikabadili sili ya nyuma. Baada ya wiki tatu akarudi, inavuja. Nikashusha tena bure, nikaweka sili nyingine. Akarudi tena! Mke wake ndiye aliyeniuliza, mbona ukifungua kifuniko cha kujazia oili moshi unapumua kama chungu cha makande? Kifuniko kile ndani kina wavu wa kupumulia, na wavu wenyewe ulikuwa umeziba kwa utope mweusi mithili ya lami. Injini ilikosa pa kutolea pumzi, ikawa inaisukuma oili kwenye kila upenyo, sili mpya kwa ya zamani. Niliuosha kwa petroli ndani ya kopo la maziwa, pamoja na mpira wa hewa unaotoka kwenye kava la tepeti. Gari likatulia. Basi anza na hilo, halikugharimu kitu.

Vuta pia kijiti cha oili ukinuse. Kikinuka petroli, au oili ikionekana kupanda badala ya kushuka, mpira wa ndani ya pampu ya petroli umepasuka na petroli inateremkia kwenye sampu. Oili iliyochanganyika hivyo huwa nyepesi, huvuja popote, na italiua beringi. Hapo usiendeshe mpaka urekebishe pampu.

Ukikuta baada ya yote hayo kweli ni sili, basi injini au gia boksi itashuka, hakuna ujanja. Lakini kabla hujatoa hela, kubaliana na fundi mambo haya. Klachi itazamwe siku hiyo hiyo; kama sahani imelowa oili au imeisha, ibadilishwe, usije ukalipia kushusha mara mbili. Krenki ipitishwe ukucha pale sili inapokaa: ukucha ukinasa kwenye mfereji, sili mpya haitadumu. Na kuna vipande viwili vyenye umbo la T vinavyokaa ubavuni mwa kofia ya beringi ya nyuma (kipande kinachoishika krenki kwa chini). Mafundi wenye haraka huvisukuma kwa nguvu vikajikunja, halafu wanailaumu sili. Mwambie avipake oili, avichonge pembe kidogo, na wewe usimame hapo ukitazama. Atakasirika kidogo. Simama tu.

Doa likibaki la ukubwa wa sarafu, weka boksi chini ya gari, pima oili kila Jumamosi, uendelee na safari zako. Oili ikiwa inadondokea bomba la moshi, hiyo usiivumilie hata siku moja, itakuunguza.

SWALI: Fundi, Peugeot 504 yangu inavuja kwenye sampu. Nimeshauriwa niipake silikoni nyingi. Ni sawa?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Nyingi ndiyo mbaya. Inayobaki nje unaiona. Inayobanwa ndani hukatika vipande, ikaziba chujio la pampu ya oili. Nunua gasketi, nyoosha ukingo wa sampu kwa nyundo ndogo juu ya ubao, kaza bolti kwa mpangilio wa msalaba. Na usizikaze kwa hasira. Sampu nyingi hupindishwa na fundi, si na mawe ya barabarani.