Muheme hupigwa na wanawake

Hapana, si kweli kwamba kwa Wagogo mwanamke kazi yake ni kucheza na mwanamume ndiye mpigaji ngoma, hata kama video nyingi za muziki zimetuzoesha hivyo. Muheme ni ngoma ya wanawake. Mama anaibana katikati ya mapaja, anaipiga kwa viganja huku mwili mzima ukifuata mdundo, na wenzake wanaitikia kwa ngoma zao. Inahusiana na unyago wa wasichana, ndiyo maana ujuzi wake umekaa kwa mama na bibi zetu. Mimi ni wa Chamwino, Dodoma, vikundi hivi nimeviona tangu utotoni. Njoo kwenye tamasha la muziki wa Kigogo linalofanyika huku ujionee. Wanaume wana vyao, zeze la nyuzi na ilimba ya vibao vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, vilivyompa mwanamuziki wa Kigogo marehemu Hukwe Zawose jina hadi Ulaya. Inaniuma sana mpigaji wa muheme anapowekwa pembeni akatike kiuno tu mbele ya kamera. Ila usiipeleke hoja hii kwa kila kabila: nazungumzia muheme wa Wagogo, kwingine mambo ni tofauti.