Mashine 28, nianze kusoma logi wapi?

SWALI: Fundi habari yako. Mimi ndio naangalia kompyuta za chuo kimoja hapa Kondele, Kisumu, mashine 28 za Windows ziko kwa netiweki moja lakini hazina domeni (mfumo wa kusimamia mashine zote pamoja), na seva moja ya Linux ya kuweka mafaili. Kila siku kuna yenye inajizima, ingine inaganda, na mimi nazunguka nafungua Event Viewer, ile programu ya kuonyesha logi (rekodi za matukio ya mashine), moja moja mpaka jioni inanipata sijamaliza. Kuna vile naweza kuona makosa ya zote nikiwa nimekaa pahali pamoja?

JIBU: Iko, na haitakugharimu kitu. Windows yenyewe inaweza kutuma matukio kwa mashine ingine, unaandika amri winrm quickconfig kwa zile zinatuma na wecutil qc kwa ile inapokea, lakini bila domeni utaanza kuhangaika na vyeti vya usalama kwa kila mashine na utachoka kabla hujaona hata logi moja. Kwa hali yako mimi ningeenda na syslog, njia ya kawaida ya kutuma logi kwa seva moja. Weka rsyslog, programu ya kupokea logi, kwa hiyo seva ya Linux, halafu kila Windows uiwekee NXLog Community Edition, inasoma Event Log na kuituma kwa seva. Itume kwa TCP, njia ambayo inarudia kutuma ujumbe ukipotea, maana UDP ikipoteza ujumbe njiani hakuna mtu atajua.

Usitume kila kitu tafadhali. Chukua zile za ngazi ya Critical (hatari), Error (kosa) na Warning (onyo), zile za Information (taarifa tu) ziache hukohuko, na ile ya DistributedCOM namba 10016 yenye hujaa kila pahali ichuje, Microsoft wenyewe wamesema inaweza kupuuzwa.

Sasa hiyo ya kujizima. Tafuta tukio la Kernel-Power namba 41, inakwambia mashine iliwaka tena bila kuzimwa vizuri, lakini angalia hapa kwa makini: 41 inaandikwa mashine ikishawaka, kwa hivyo saa yake ni ya kuwaka, si ya kuzima. Saa ya kuzima iko ndani ya ujumbe wa tukio 6008, na hiyo ndio unalinganisha. Mashine 15 zikionyesha 6008 ya karibu wakati uleule basi stima ilipotea, wachana na kompyuta ongea na mkubwa wako mambo ya UPS, ile betri ya kushikilia mashine stima ikipotea. Ikiwa ni moja tu, tena kila mchana, fungua hiyo uangalie vumbi, feni na pawa saplai. Ukizunguka moja moja hii tofauti huwezi kuiona hata ukae mwaka. Lakini lazima saa za mashine zote zikubaliane, na kompyuta za zamani betri ndogo ya ndani ikiisha zinaamka na tarehe ya ajabu, so badilisha betri kwanza na uzielekeze zote kwa seva moja ya NTP, yaani ya kulinganisha saa.

Ile inaganda nayo tafuta tukio 153 la diski. Hilo ni onyo tu, ndio maana watu wanalipita wakingoja Error, lakini linasema mashine ilibidi irudie kusoma ama kuandika. Jaribu kebo ingine, na ukianza kuona tukio 7, yaani sehemu mbovu kwa diski, toa kazi za wanafunzi kwa hiyo mashine leo, sio wiki ijayo.

SWALI: Niko Nakuru, nashuku kuna mtu anajaribu paswadi za seva yetu ya Windows usiku. Nimechuja Error na Warning sioni kitu.

JIBU: Hutaona, ndugu yangu. Kushindwa kuingia ni tukio 4625, liko kwa logi ya Security na ngazi yake ni Information, limewekwa tu alama ya Audit Failure. Chuja kwa hiyo namba, halafu usome jina la akaunti na Source Network Address. Ikiwa anwani ni ya nje na unatumia Remote Desktop (kuingia kwa seva ukiwa mbali), funga poti 3389, ndio mlango wake, kwa ruta usiku huuhuu na watu wa ofisi waingie kupitia VPN, ile njia ya mtandao iliyofungwa kwa siri.