Karani wa Forodha Anayenifundisha Kuandika

Kama unaandika hadithi na mtaani kwako hakuna wa kukusomea kazi, usikae ukisubiri mtu wa kukushika mkono. Jitafutie mwalimu asiyekujua. Wangu mimi alifariki mwaka 1962.

Ni Shaaban Robert, ndiyo, huyohuyo wa mitihani. Shuleni tulimsoma ili tujibu maswali ya dhamira na wahusika, tukamaliza, tukamwacha hapohapo. Nilimrudia ukubwani, nikiwa nimeajiriwa kwenye ofisi ya uwakala wa forodha hapa Dar es Salaam, baada ya kujua kwamba naye alikuwa karani wa forodha, kuanzia 1926 hadi 1944. Nikasema huyu ni wa kwetu. Swali langu lilikuwa moja: mtu anayeshinda na makaratasi ya serikali kutwa nzima, jioni anaandika nini, na kwa nguvu gani?

Nikafungua *Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini* nikiwa na swali hilo tu. Humo ni maisha ya mtu wa ajira, ya kuhamishwa kituo na kulea watoto. Mkewe Amina alipofariki, alimwandikia shairi. Binti yake, Mwanjaa, akatungiwa *Utenzi wa Hati*. Mwanawe Hussein akapata *Utenzi wa Adili*. Jibu langu nikalipata hapo: hakusubiri mada kubwa, aliwaandikia watu wa nyumbani kwake. Mwana Kupona naye alifanya hivyohivyo mwaka 1858, alipomtungia bintiye utendi. Basi nikaanza kumwandikia mpwa wangu hadithi za ukurasa mmoja. Mkali sana yule mtoto, asipoelewa anakwambia papo hapo.

Ndiyo maana nasema nenda kwa mwalimu na swali lako, na umchague mtu ambaye maisha yake yanakaribiana na yako. Kisha kaa naye. Nina wenzangu wanaofuata watu kibao, leo huyu kesho yule. Wanajua kila mmoja kasema nini, ila mswada haujasogea. Na wale wa "amka saa kumi alfajiri ufanikiwe" huwa nawapita tu. Mtu wa Mbagala anayewahi gari la mjini tayari kaamka, hana haja ya kuhubiriwa.

Walio hai nawasikiliza kwenye podikasti. Napakua kipindi kwa Waifai ya ofisini, maana bando nalo lina mwisho, kisha nasikiliza ndani ya basi la mwendokasi kwenda Kimara, sikio moja tu, la pili naliachia vituo na wezi. Mtu akieleza namna alivyoifumua sura na kuisuka upya, nasimamisha kipindi, najirekodia sauti kwenye WhatsApp. Usiku naihamishia kwenye kaunta buku: swali langu ukurasa wa kushoto, alichosema ukurasa wa kulia, na chini yake nilichojaribu mimi. Hapo chini pakibaki patupu, najua nilikuwa nastarehe tu, sikuwa nasoma.

Ushauri wa mbali lazima uuchuje. Waandishi wa Marekani na Uingereza huzungumzia sana kutafuta wakala wa kuwapelekea mswada kwa mchapishaji, kwa kuwa kwao wachapishaji wakubwa wengi hupokea kazi kupitia kwa mawakala. Kwetu mswada unaupeleka mwenyewe kwa mchapishaji, au unaupeleka kwenye shindano kama Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Ya mawakala ruka. Wakianza kueleza wanavyoandika mazungumzo ya wahusika, tega sikio.

Vitabu si lazima ununue vipya. Maktaba Kuu ya Taifa ipo Barabara ya Bibi Titi Mohamed tangu 1967, na pale Posta wauza vitabu vya mitumba wanavipanga chini. Bei ni maelewano.

Mwandishi aliye hai unaweza pia kumwandikia, ila usimtumie "Shikamoo, naomba ushauri" halafu ukanyamaza. Atakushauri nini? Mwamkie, taja kitabu chake na sura uliyosoma, uliza kitu kimoja anachoweza kukijibu kwa mistari mitatu akiwa kwenye foleni. Usimbandikie mswada wako wote. Akijibu, mshukuru, ukafanye alichokwambia kabla hujarudi na swali la pili.