Hilo la Kirumba ni gugu maji, si asta

Ndugu, umeuliza kama ua la zambarau ulilopiga picha pale mwaloni Kirumba, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, ni asta ya pwani, Tripolium pannonicum. Hapana, hilo ni gugu maji. Angalia petali ya juu: ina doa la njano lililozungukwa na buluu. Ukirudi, bonyeza kikonyo cha jani. Kimevimba na ndani kimejaa hewa, ndiyo maana mmea unaelea.

Asta haielei, imeshika tope. Ua lake lina kitovu cha njano na vijipetali vyembamba vya zambarau pembeni, mfano wa alizeti ndogo. Huota pwani za Ulaya na kwenye midomo ya mito, bahari inapokupwa na kujaa, na majani yake manene huhifadhi maji ya kuzimua chumvi. Ziwa letu ni la maji baridi.

Halafu nakuomba sana, usilitie hilo gugu maji kwenye bwawa lako la samaki! Lilitoka Amerika Kusini, likaonekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na shina moja tu huzaa machipukizi mpaka maji yafunikwe. Waulize wavuvi mitumbwi inavyokwama.