Nimonia ya wodini: kwa nini daktari hubadilisha dawa

Ndugu mleta mada, umeuliza kama madaktari wanabahatisha, kwa kuwa baba yako, aliyelazwa kwa kiharusi na kupata nimonia akiwa kwenye mashine ya kupumulia, amebadilishiwa dawa mara mbili. Mimi ni muuguzi wa wagonjwa mahututi, na nitajibu kwa yale ninayoyaona kazini.

Nimonia inayoanza saa 48 au zaidi baada ya kulazwa huhesabiwa kuwa ya hospitalini, kwa sababu mara nyingi vimelea vyake si vile vya mtaani. Sisi hukutana zaidi na bakteria aina ya Klebsiella, Pseudomonas na Acinetobacter. Baadhi ya Klebsiella hutengeneza vimeng'enya (kemikali zao) vinavyoivunja seftriaksoni, antibiotiki inayotumika sana, ndipo daktari hulazimika kupanda hadi meropenemu, antibiotiki yenye nguvu zaidi. Acinetobacter iliyo sugu hata kwa meropenemu imo katika kundi la hatari kubwa kabisa kwenye orodha ya bakteria sugu ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2024, na kolistini, dawa ambayo mara nyingi ndiyo inayobaki, yaweza kuumiza figo.

Si kila anayefariki na vimelea sugu ameuawa na usugu huo. Umri, kisukari na figo zilizochoka navyo huchangia sana. Hata hivyo, muda anaoupoteza mgonjwa akiwa kwenye dawa isiyomfaa humgharimu. Majibu ya kuotesha makohozi, yaani kuvikuza vimelea vyake maabara ili vijulikane, huchukua siku mbili hadi tatu, kwa hiyo daktari huanza na dawa inayolingana na vimelea vilivyozoeleka katika wodi yake, kisha hurekebisha majibu yakitoka. Huko si kubahatisha. Kubahatisha ni kuanza dawa bila kuchukua makohozi, au kuyachukua baada ya dozi kadhaa, wakati vimelea vinaweza kukosa kuota maabara ilhali bado vimo kifuani.

Kinyume chake pia hutokea: Acinetobacter huweza kukaa kwenye mpira wa kupumulia bila kuleta ugonjwa, na nimewaona ndugu wakidai dawa kali kwa kuiona karatasi ya maabara tu, mgonjwa akiwa hana homa wala oksijeni haijashuka.

Muulize daktari makohozi yalichukuliwa lini, yameota nini, na dawa itakoma lini, maana siku 7 hutosha kwa wengi wanaoendelea vizuri. Waulize wauguzi pia kama kichwa cha kitanda kimeinuliwa nyuzi 30 hadi 45 na kama kinywa chake kinasafishwa kila siku. Nawa mikono kabla ya kumshika, na tena unapotoka.