Glasi ya tatu ya futari

SWALI: Mwalimu shikamoo. Ramadhani nilikuwa nafuturu kwa mjomba hapa Ngamiani, ile tende ya kwanza na maji baridi jamani utamu wake hausemeki, lakini nikifika glasi ya tatu sioni kitu tena, maji ni maji tu. Ndo nikajiuliza, kumbe raha ni kutokwa na dhiki tu? Wanafalsafa wa Kiislamu wa zamani walisemaje?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hayo uliyoyaona kwenye glasi ndo aliyoyashika Abu Bakr al-Razi, yule tabibu wa mji wa Rayy, Uajemi, aliyezaliwa 865. Kwake yeye raha ni mwili kurudi kwenye hali yake baada ya kutolewa, bila maumivu kutangulia hakuna raha. Mfano wake mtu katoka kwenye nyumba yenye hewa nzuri, jua likampiga weee, akirudi ndani anaburudika, ila mwili ukishatulia raha nayo imeisha. Na anaonya kwamba aliyezama kwenye anasa hufika mahali haoni utamu wowote lakini kuacha hawezi. Hapo namkubali kabisa, wote tunawajua watu wa hivyo.

Ila mi naona kaeleza tumbo, hajaeleza mtu mzima. Fakhr al-Din al-Razi (huyu mwingine, alifariki karibu miaka 300 baadaye) alimpinga: unakutana na sura nzuri hujawahi kuiona wala kuitamani, na bado unafurahi, sasa dhiki ilikuwa wapi?

Ninayemwelewa zaidi ni Ibn Sina (980–1037). Anasema raha ni kulipata jambo ambalo kwako ni jema na ni ukamilifu, na ulitambue hivyo. Kutambua ndo kila kitu hapo, maana mgonjwa wa homa mpe halua atakwambia chungu, na halua ni ileile. Halafu anataja mchezaji wa sataranji anayeletewa chakula akakikataa kisa anataka kushinda, na hao sisi tunao barazani kwenye bao, wali unapoa mtu anahesabu kete! Kama mchezo tu unashinda njaa, anasema, raha ya akili inayoujua ukweli itakuwaje?

Sasa nikuulize mdogo wangu, na ukipata nafasi niandikie: ile raha ya kukaa mkekani na mjomba mkipiga stori mpaka adhana ya isha, nayo iliisha kwenye glasi ya tatu?